Mkahawa wa Kichochoroni

Msafiri arudipo kwao huulizwa habari za majumba marefu, mito mipana na masoko makubwa. Ni nadra kuulizwa alikula nini. Na akiulizwa, swali huwa la mzaha, maana watu hudhani kwamba chakula ni jambo la tumbo, na mambo ya tumbo hayafai kutiwa katika barua. Mimi nami nilikuwa mmoja wao. Nilidhani hivyo mpaka mwezi wa Novemba, mwaka 2023, nilipokula bakuli moja la tambi katika mji wa Chiang Mai, kaskazini mwa nchi ya Thailand. Bakuli hilo lilifukua jambo ambalo nilikuwa nimelizika kwa miaka kumi na minne.

Tulikuwa walimu wanne kutoka Kenya, tumealikwa katika mkutano wa walimu juu ya kuwafundisha watoto wadogo kusoma. Tulikwenda kwa ndege hata Bangkok, na kutoka huko tukapanda gari la moshi la usiku, safari ya kilomita 750 hivi. Kulipopambazuka tuliona vilima vyenye misitu na mashamba ya mpunga yaliyokuwa yakivunwa, na hewa ilikuwa baridi kidogo kama ya Taita asubuhi. Chiang Mai ni mji wa kale. Ulijengwa na mfalme Mangrai mwaka 1296, ukawa makao ya ufalme wa Lanna. Mji wa ndani ni wa mraba, umezungukwa na handaki la maji, na pembe za ukuta wake zingali zimesimama. Mahekalu ni mengi, na paa zake zapendeza. Juu ya hayo vitabu vimesema ya kutosha, nami sina la kuongeza.

Taabu yangu ilikuwa chakula. Mimi ni Mwislamu, na katika nchi ile nyama ya nguruwe huingia katika vyungu vingi, hata mahali ambapo mgeni hawezi kuitambua kwa macho. Siku mbili nilikula wali mtupu, mayai na matunda. Matunda yalikuwa mazuri sana, lakini mtu aliyekulia pwani hashibi kwa nanasi. Siku ya tatu wenzangu walikubaliana kwenda kula katika mkahawa mkubwa ulio ukingoni mwa mto Ping, wenye taa nyingi na vitambaa vyeupe mezani. Nilitamani kwenda nao, sitaficha. Nilikuwa mtu wa kupenda mahali penye sura nzuri. Walakini njaa ilikuwa imekwisha nishinda, na mpokea wageni wa nyumba tuliyofikia alikuwa ameniambia kwamba mtaa wa Ban Haw una msikiti, na penye msikiti hapakosi jiko. Mchana, baada ya kikao, nikaenda peke yangu.

Msikiti wa Ban Haw u ndani ya kichochoro kisicho mbali na soko la usiku. Wenyeji wa mtaa ule ni kizazi cha Waislamu waliotoka Yunnan, jimbo la Uchina lililo kusini magharibi. Watu wa Thailand huwaita Chin Haw. Wazee wao walikuwa wafanya biashara waliovuka milima kwa misafara ya nyumbu, wakileta bidhaa na kuchukua bidhaa, na baadhi yao wakaweka makao pale. Hata leo, kila Ijumaa asubuhi, karibu na msikiti huo hukusanyika soko ambamo watu wa milimani huuza mboga na vyakula vyao. Yasemekana kwamba ni Waislamu hao walioleta chakula kiitwacho khao soi, ambacho leo ni fahari ya kaskazini yote, kikaliwa na Mwislamu na Mbudha sawasawa.

Nilipita nikatazama huku na huku, nikaona mkahawa mmoja. Kuuita mkahawa ni kuufanyia heshima. Ulikuwa chumba kimoja kilicho wazi upande wa njia, chenye meza sita za bati na vigoda vya plastiki visivyo na egemeo. Ukutani palikuwa na picha ya Al-Kaaba na kalenda iliyopauka. Feni moja ilizunguka kwa kulalamika. Chungu kikubwa kilikuwa mbele kabisa, karibu na njia, na nyuma yake amesimama mwanamke wa makamo aliyejitanda mtandio wa kijani. Hapakuwa na kibao chochote nilichoweza kukisoma.

Nilisimama pale nje nikasitasita. Nilijiambia kwamba sikuvuka bahari na nchi ili nije kukalia kigoda cha plastiki mfano wa vile vya barazani kwetu. Hili neno "kwetu" ndilo lililokuwa likiniuma, msomaji, wala si kigoda. Lakini saa ile sikulitambua. Harufu ilinifikia kabla sijageuka. Ilikuwa harufu ya tui la nazi lililo motoni pamoja na bizari ya manjano. Miguu yangu ikaingia yenyewe.

Nikatoa salamu: "Assalamu alaikum." Mwanamke yule akainua uso, akaitika kwa ukamilifu, akanionyesha mahali pa kukaa. Baada ya salamu hiyo hatukuwa na neno jingine la kuelewana. Aliinua vidole viwili: kimoja kwa kuku, akaigiza mabawa kwa viwiko vyake, cha pili kwa ng'ombe, akaigiza pembe. Nikaigiza mabawa. Watu wa meza ya pili wakacheka, nami nikacheka.

Bakuli lililetwa kabla sijamaliza kufuta jasho. Ndani yake mlikuwa na mchuzi wa rangi ya dhahabu iliyoelekea wekundu, na juu yake mafuta yakielea katika vijiduara vidogo vidogo. Chini zimelala tambi bapa za mayai, laini. Katikati paja la kuku lililoiva hata nyama ikaachana na mfupa kwa kuguswa na kijiko. Na juu kabisa kichuguu cha tambi zizo hizo, lakini hizi zimekaangwa zikawa kavu kama vijiti. Kando palikuwa na kisahani chenye majani ya haradali yaliyochachushwa kwa chumvi, vitunguu vidogo vyekundu vilivyokatwa, kipande cha ndimu, na pilipili iliyosagwa ikakaangwa katika mafuta mpaka ikawa nyeusi. Mlaji hujitilia mwenyewe kwa kadiri ya ulimi wake.

Nionje kwanza mchuzi, ndivyo nilivyofunzwa nyumbani. Uzito wa nazi ulitangulia, kisha ukaja ukali wa tangawizi, kisha kitu mfano wa iliki lakini chenye moshi ndani yake, kisha pilipili, ambayo ilikuja mwisho na haikuwa na haraka ya kuondoka. Nilipotia ndimu na yale majani, mchuzi uleule ukawa mwingine: uzito ukapungua, ukali ukachangamka. Tambi laini ziliteleza na tambi kavu zilivunjika jinoni, katika tonge moja. Nimekwisha kula katika karamu za harusi ambako ng'ombe watatu walichinjwa, na katika majumba ambamo mtumishi humvutia mtu kiti. Sikumbuki kula kitu kilichokuwa kimefikiriwa hivyo tangu chini mpaka juu. Bei yake ilikuwa baht 50, yaani zaidi kidogo ya shilingi 200 za Kenya kwa wakati ule.

Nilipokuwa nikila, niliona kitu pembeni, chini ya meza ya vyombo. Kilikuwa kibao kifupi chenye umbo la mnyama, na mbele yake kimetokeza chuma chenye meno. Mtu wa pwani haambiwi hicho ni nini. Nilinyanyuka, nikakiendea, nikainama nikagusa yale meno. Kilikuwa mbuzi! Mbuzi wa kukunia nazi, kama huyu wetu, ila huyu alichongwa masikio marefu.

Mwanamke yule alishangaa, akaita nyuma ya pazia. Akatoka binti wa miaka kumi na minne hivi, amevaa nguo za shule, kalamu mkononi. Binti alijua Kiingereza kidogo, nami nikajitahidi kusema changu polepole. Akanieleza kwamba kitu kile huitwa kwa lugha yao kratai, yaani sungura. Siku hizi mama yake hununua sokoni nazi iliyokwisha kunwa kwa mashine, maana chungu ni kikubwa na mikono ni miwili. Lakini sungura yule alikuwa wa bibi yake, na hakuna aliyethubutu kumtupa. Nikamwambia kwamba kwetu mnyama huyu si sungura, ni mbuzi. Binti alimfasiria mama yake. Mama alicheka hata akashika kiuno, akasema neno, na binti akalifasiri: "Mama asema mbuzi wenu ala nazi nyingi kuliko sungura wetu."

Tangu hapo mazungumzo yakafunguka. Nikauliza juu ya tui. Naye akaeleza kwamba tui lina kichwa na mkia: kichwa ni lile zito linalotangulia, mkia ni jepesi lifuatalo baada ya kutiwa maji. Nikamwambia kwetu lile zito huitwa kasimile. Lakini matumizi yake yaliniacha kinywa wazi. Nyumbani kasimile hutiwa mwisho, kwa moto mdogo, na mpishi husimama akilikoroga ili lisikatike. Tui likikatika, mpishi huona haya. Huyu hulitia kichwa cha tui kwanza, katika sufuria yenye moto mkali, akaliacha makusudi likatike mpaka mafuta yake yajitenge, kisha katika mafuta hayo hukaanga viungo vilivyotwangwa. Zile duara nyekundu zilizoelea bakulini mwangu zilitoka huko. Jambo ambalo kwetu ni kosa la mwisho, kwao ni hatua ya kwanza.

Binti akaniuliza swali, na swali hilo ndilo linalonifanya niandike insha hii. Alisema, "Umejuaje mambo haya? Wanaume waliokuja hapa kutoka mbali hawajui nazi." Nikajibu, "Mama yangu ni mpishi." Akauliza, "Ana mkahawa?" Nikafungua kinywa nijibu kwamba ana hoteli. Jibu hilo nilikuwa nimelizoea.

Yanipasa nirudi nyuma. Nilizaliwa Malindi. Baba alifariki nikiwa na umri wa miaka sita, na mama akashika biashara ya mahamri na mbaazi barazani mwa nyumba yetu. Usiku hukanda unga kwa tui, hamira, sukari na iliki; saa kumi za usiku huamka, akawasha jiko. Mimi nilikuwa nikipeleka sinia kwa wateja wa mbali kabla ya kwenda shule. Nguo zangu za shule zilinuka mafuta. Zilifuliwa, zikaanikwa, zikapigwa pasi, na bado zilinuka mafuta, kwa kuwa zilitundikwa katika chumba kimoja na jiko. Watoto wenzangu waliniita "Mahamri." Jina hilo walilisema kwa mapenzi, nadhani sasa, lakini mtoto hana sikio la kupambanua.

Nilipopata nafasi katika chuo cha ualimu, huko bara, mbali na pwani, nilifurahi kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa kazi. Ya pili sikumwambia mtu. Huko hakuna aliyenijua. Waliponiuliza habari za mama, nilijibu kwamba ana hoteli. Haukuwa uongo mtupu, maana kwetu Kenya hata kibanda cha chai huitwa hoteli. Lakini niliona wazi kwamba wenzangu walifikiri nyumba ya ghorofa, nami nikawaacha wafikiri.

Mwaka 2009 ilifika siku ya wazazi. Nilikuwa nimemwandikia mama kwamba safari ni ndefu na nauli ni ghali, asijisumbue. Akajisumbua. Alipanda basi usiku kucha, akafika asubuhi, buibui lake limejaa vumbi, na kichwani kikapu cha ukindu kilichofunikwa kanga. Nilikuwa nimesimama na wenzangu watatu. Mmoja akauliza, "Ni nani yule akupungiaye mkono?" Nikasema, "Ni jirani yetu. Ametumwa na mama."

Nilidhani alikuwa mbali. Hakuwa mbali. Alitua kikapu, akatutazama sote mmoja mmoja, akawaambia wenzangu kwa sauti ya kawaida kabisa: "Naam. Mama yake awasalimu sana. Amewaletea hivi, mle." Akafunua kikapu. Yalikuwa mahamri mia moja au zaidi, yangali laini. Kisha akaenda kukaa chini ya mti, peke yake, mpaka basi la alasiri. Nilimwendea kabla hajaondoka. Tukazungumza juu ya afya na mvua. Hakulitaja jambo lile siku hiyo, wala likizo, wala baada ya likizo. Nimepata kazi, nimeoa, nimezaa, nimemjengea jiko jipya la mawe. Hakulitaja, nami sikuthubutu.

Basi pale Chiang Mai binti aliuliza, "Ana mkahawa?" nami kinywa kikiwa wazi. Nilitazama ile meza ya bati. Nilitazama daftari la hesabu aliloliweka binti karibu na chungu, na tone la mchuzi lililoangukia ukurasa wake. Nikajua kesho shuleni ukurasa ule utanuka nini. Nikasema, "Hapana. Ana baraza, jiko moja na vigoda vinane. Auza mahamri na mbaazi za nazi. Nguo zangu za shule zilinuka mafuta." Sijui kwa nini niliongeza maneno ya mwisho. Binti aliyafasiri yote. Mama yake alinitazama kwa muda, hakucheka. Kisha akahesabu vigoda vyake kwa kidole, akasema jambo. Binti akafasiri: "Asema kwake vipo kumi na vinane, lakini vitatu vimevunjika."

Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa. Mara hizo nilikuwa nikitazama kazi kuliko kula. Chungu kile hupikwa mara moja kwa siku. Saa nane mchana, siku ya pili, waliingia vijana watano wageni, watu wa kutumia, na mchuzi uliobaki haukutosha bakuli mbili. Mpishi mwingine angeongeza maji na chumvi, na vijana wale wasingejua. Yeye alikunja mikono, akawaonyesha chungu, akawaelekeza jirani. Kisha akaanza kuosha vyombo. Nimefundisha miaka kumi na miwili, na nakiri kwamba siku nyingi saa nane mchana mimi huongeza maji katika chungu.

Katika nchi ile watu hawamdharau mpishi wa njiani. Yuko mwanamke mmoja wa Bangkok, maarufu kwa jina la Jay Fai, apikaye kwa moto wa makaa katika duka lililo wazi kando ya barabara, amevaa miwani mikubwa ya kukinga macho na mafuta. Na wakaguzi wa kitabu cha Michelin walimpa nyota katika toleo lao la kwanza la Bangkok, la mwaka 2018. Mwanamke wangu wa Ban Haw hakuwa na nyota yoyote niliyoiona ukutani. Wateja wake walikuwa waswalihina kutoka msikitini, wachuuzi, na madereva. Lakini walingojea wamesimama.

Siku ya kuondoka niliamka mapema, nikapanga vitu vyangu, nikakaa nikiitazama saa. Thailand hututangulia kwa saa nne. Kule ilipotimia saa tatu asubuhi, Malindi ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, na nilijua mtu mmoja ambaye hawezi kuwa amelala. Nikapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini? Mbona alfajiri?"

Nikamwambia hakuna neno, nimekula chakula kizuri. Nikamweleza habari za khao soi, za sungura na mbuzi, na za tui linaloachwa likatike makusudi. Hapo alinikatiza. "Likatike? Makusudi?" Nikamhakikishia. Alinyamaza, akifikiri. "Basi hao wana moto wao," akasema. "Mimi likinikatikia mbaazini, wateja watanirudishia sahani. Umemwuliza atia chumvi lini?" Sikuwa nimeuliza. Akasema nimekaa siku tatu jikoni mwa mtu na sikuuliza la maana.

Kisha nikasema, "Mama, siku ile chuoni, ulipokuja na kikapu..."

Nilisikia mahamri yakiingia mafutani, moja, mbili, tatu. Hakujibu upesi.

"Waliyala?" akauliza.

"Waliyala yote, mama. Jioni hapakubaki hata moja."

"Na wewe?"

"Nilikula manne."

"Haya," akasema. Akaniambia nisisahau kumwuliza yule mama habari ya chumvi, kisha akasema mafuta yanaungua, akakata simu.

Gari la kutupeleka kituoni lilikuwa lije saa tano. Nikawaaga wenzangu kwa muda, nikashika njia ya Ban Haw.